Tumbo Likiuma Usiku: Lipi Lingoje Kuche, Lipi Likimbizwe Sasa

Mtu wa Homa Bay akishikwa na tumbo husema kwa Dholuo, "Iya kaya", yaani tumbo linaning'ata. Kiswahili nacho kina neno moja kwa tumbo, kwa mbwa na kwa nyoka: vyote vinauma. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba maumivu ya tumbo yana meno. Kilichobaki kwetu ni kutambua meno hayo ni ya nani, maana aliyeumwa na siafu na aliyeumwa na swila hawahitaji haraka moja.

Maumivu ninayoyazungumzia ni ya ghafla: yameanza leo, jana au juzi. Mara nyingi huja usiku, zahanati ikiwa imefungwa na pikipiki zikiwa chache. Ukiwa kisiwani, Mfangano, Remba au Ringiti, kati yako na daktari pana ziwa. Nyumba nzima huamka, na kila mtu huja na jina lake: taifodi, vidonda vya tumbo, minyoo, mkono wa mtu. Dawa hutafutwa kwa kufuata jina hilo, na saa zinakwenda.

Naomba tuanzie mahali pengine. Kuutaja ugonjwa ni kazi ya daktari, na hata yeye hupapasa, hupima damu na mkojo, na pengine hupiga picha kabla hajasema neno. Kazi yako wewe uliye nyumbani ni kuamua jambo moja tu: je, tumbo hili laweza kungoja kuche? Hilo unaweza kuliamua kwa macho, kwa kiganja na kwa saa ya simu yako.

Hatua ya 1: Shika saa

Maumivu yakianza, tazama saa na uiandike. Tumbo la gesi au la kuharisha huja kwa mawimbi. Hukaza, hulegea, na mgonjwa akienda choo hupata nafuu. Tumbo la hatari hukaa palepale na kuzidi, au mawimbi yake hukaribiana na kuwa makali zaidi.

Mwaka 1921 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Zachary Cope, alichapisha kitabu kuhusu tumbo la ghafla ambacho bado husomwa na wanafunzi wa udaktari. Kanuni yake moja inafaa kila boma: mtu aliyekuwa mzima akipatwa na maumivu makali yakadumu muda wa saa 6 mfululizo, chukulia kwamba huenda anahitaji upasuaji. Kwa hiyo ikiwa maumivu makali yalianza saa tatu usiku, saa tisa alfajiri isikukute bado unachemsha mizizi. Na ukiona yoyote kati ya dalili za hatari nitakazozitaja, hata hizo saa 6 usizingoje.

Hatua ya 2: Uliza, kisha gusa

Muulize mgonjwa mambo haya, na majibu uyakumbuke, kwa sababu daktari atayataka:

- Maumivu yalianzia wapi, na sasa yako wapi?
- Yalikuja ghafla kama kisu, au yalipanda polepole?
- Kipi kilitangulia, kutapika au maumivu? Kutapika kukitangulia, mara nyingi ni chakula kibovu au maambukizi ya kawaida. Maumivu yakitangulia, ongeza tahadhari.
- Amepata choo? Ametoa hewa? Amekojoa?
- Amekula nini, amekunywa nini, amemeza dawa gani?
- Ameanguka, amepigwa au amepata ajali ya bodaboda siku za karibuni? Katika nchi yetu ya malaria bandama za watu wengi huwa zimevimba, na bandama iliyovimba huweza kupasuka kwa pigo dogo.
- Kwa mwanamke: hedhi ya mwisho ilikuwa lini?

Kisha mlaze chali, akunje magoti. Weka kiganja chako juu ya tumbo taratibu, ukianzia mbali na mahali panapouma. Tumbo la kawaida hubonyea. Likiwa gumu kama ubao na mgonjwa hataki hata shuka limguse, usitafute dalili nyingine, tafuta usafiri. Mwambie pia akohoe. Kikohozi kikimchoma mahali pamoja, utando wa ndani ya tumbo umewaka. Wanaosafiri kwa pikipiki wanalijua jambo hili kwa njia yao: mgonjwa analia kwa kila tuta na kila shimo la barabara. Mwambie daktari hata hilo.

Hatua ya 3: Soma ramani ya tumbo

*Chini kulia.* Hapa ndipo penye kidole tumbo. Maumivu huanzia kitovuni, na ndani ya siku moja huhamia chini upande wa kulia. Hamu ya chakula hupotea, kisha huja kichefuchefu na homa kidogo. Huwapata zaidi vijana. Kidole tumbo kikipasuka, usaha humwagika tumboni, na mara nyingine mgonjwa huhisi nafuu ya muda mfupi kabla ya kuzidiwa. Nafuu hiyo isikudanganye.

*Juu katikati, chini ya mbavu.* Kiungulia na vidonda vya tumbo hukaa hapa. Vingi hutokana na bakteria, na vingine hutokana na dawa za maumivu kama diklofenaki, brufeni na aspirini, zinazomezwa siku baada ya siku na watu wa kazi ngumu: wavuvi, wachimba dhahabu wa Macalder, wakata miwa wa Awendo. Kidonda kikitoboka, maumivu huja kwa dakika moja, makali mno, na tumbo hukakamaa. Pombe nyingi nayo huweza kuwasha kongosho, na maumivu yake hupenya hadi mgongoni. Aliyekunywa chang'aa akaumwa na tumbo huku macho yake yakiona ukungu, huenda amekunywa sumu. Mkimbize saa hiyohiyo.

*Juu kulia.* Ini na nyongo. Angalia kama macho yamekuwa ya manjano. Homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu hapa huweza kuwa jipu la ini.

*Kiunoni kuelekea kinenani.* Mawe ya figo. Mgonjwa hawezi kutulia. Hugaagaa, husimama, huketi. Huyu ni tofauti na mwenye tumbo lililowaka ndani, ambaye hulala kimya asitake kutikiswa.

*Tumbo zima limejaa.* Likiwa limefura kama ngoma, mgonjwa anatapika, hapati choo wala hewa haitoki, utumbo umeziba au umejisokota. Utumbo mpana kujisokota ni ugonjwa unaojulikana sana na madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, hasa kwa wanaume watu wazima. Utumbo uliosokotwa hukosa damu na kuoza.

*Kinenani.* Tafadhali, angalia. Aibu huua. Ngiri iliyokuwa ikiingia na kutoka kwa miaka, siku ikikwama, ikawa ngumu na kuuma, ni dharura. Na mvulana akilalamika tumbo la chini, muulize kuhusu korodani. Korodani iliyojisokota ina takriban saa 6 tu kabla ya kuharibika, na wavulana wengi husema "tumbo" kwa sababu wanaona haya.

Dada na mama: hesabu ya hedhi

Mwanamke yeyote mwenye umri wa kuzaa akiumwa chini ya kitovu, apimwe mimba kwanza. Apimwe hata kama ana sindano au kijiti cha kupanga uzazi, na hata kama ni binti wa shule anayeapa kwamba hajui mwanamume. Muulize pembeni, mbali na baba na mbali na mume, na usimhukumu.

Sababu ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hedhi imechelewa wiki chache, damu kidogo imeonekana, maumivu yamekaa upande mmoja. Kisha mrija hupasuka, na damu humwagikia ndani bila kuonekana nje. Dalili nzito ni kizunguzungu, kuzimia akisimama, weupe wa viganja, na maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega. Huyu hana saa 6. Huenda hana hata moja.

Mwenye mimba kubwa akiumwa mfululizo na tumbo likawa gumu bila kulegea, iwe damu inatoka au haitoki, ni dharura. Vivyo hivyo akiumwa juu kulia huku kichwa kinagonga na macho yanaona vimulimuli, kwa kuwa hiyo huweza kuwa shinikizo la damu la mimba. Tumbo la mimba lisikandwe na mtu yeyote.

Na yapo maumivu ya chini yanayokuja na homa na uchafu wenye harufu ukeni. Hayo ni maambukizi ya kizazi na mirija, yanayotibika kwa antibiotiki kamili. Mwenzi naye atibiwe. Yakiachwa, huharibu mirija na kuleta utasa, au mimba ya nje baadaye.

Mtoto asiyejua kusema

Mtoto wa miezi 4 hadi 10 akilia kwa vipindi, akikunja miguu hadi tumboni, kisha akatulia na kulegea, halafu akaanza tena, huenda utumbo wake umeingia ndani ya utumbo mwenzake. Kinyesi chenye damu na kamasi kama jemu nyekundu huja kimechelewa, usikisubiri. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga nayo ni safari ya usiku huohuo.

Kwa watoto wakubwa kidogo, minyoo mingi ya tumbo huweza kufungamana na kuziba utumbo: tumbo limefura, mtoto anatapika, pengine minyoo yenyewe. Hapo dawa ya minyoo ya dukani haifai tena. Na mtoto mwenye homa, kikohozi na pumzi za haraka anayesema tumbo linauma, huenda ana nimonia. Mapafu ya chini huumia na mtoto akaonyesha tumbo.

Selimundu iko kwa wingi katika ukanda huu wa ziwa. Mama mwenye mtoto wa selimundu ajifunze kliniki jinsi ya kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikikua ghafla, mtoto akawa mweupe viganjani na mnyonge, damu yake imenaswa humo, na anahitaji kuongezewa damu haraka.

Magonjwa ya ziwa na ya shamba

*Malaria* huweza kuuma tumboni na kutapisha, hasa kwa watoto. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria hapa Homa Bay. Chanjo hiyo hupunguza ugonjwa lakini haiumalizi. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa akipata homa, bado apimwe.

*Taifodi* huanza kwa homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kuuma na tumbo kuvurugika. Hatari kubwa huja baada ya wiki 2 au 3 za homa, utumbo unapoweza kutoboka. Mwenye homa ya wiki nyingi akipata ghafla maumivu makali na tumbo gumu, anahitaji upasuaji, si sindano ya dukani. Mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto. Uliza kliniki kama wako amepata.

*Kipindupindu* kilirudi Migori mwaka 2025. Mara nyingi hakiumi sana, na ndiyo maana huua kimyakimya. Choo huwa maji matupu yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, macho huzama, misuli ya miguu hukakamaa. Dawa ya kwanza ni maji ya ORS, ukiwa nyumbani na ukiwa njiani. Usipokuwa na paketi, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto aendelee kunyonya.

*Kichocho* humwingia anayeoga, anayefua, anayevua au anayechota mchanga ziwani. Huweza kuleta maumivu ya tumbo na choo chenye damu, na kwa miaka hukausha ini. Mvuvi akitapika damu, hata kama tumbo haliumi, apelekwe hospitalini mara moja.

*Tumbaku.* Wakulima wa Kuria na Uriri wanaovuna majani yaliyoloa umande hupata kichefuchefu, tumbo kukaza na kizunguzungu, kwa sababu nikotini hupenya ngozi. Mtoe shambani, mvue nguo zilizoloa, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Lakini akiwa amepulizia dawa ya wadudu, akatokwa na udenda na jasho jingi, na misuli ikatetemeka, hiyo ni sumu. Muoshe, usimtapishe, na mpeleke hospitalini pamoja na kopo la dawa lenye maandishi yake.

Kipimo kimoja kisifunge kesi

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Kandokando ya ziwa watu wengi huishi na vimelea vya malaria damuni bila kuumwa. Kwa hiyo kijana mwenye kidole tumbo akipimwa malaria, kipimo huweza kusema ndiyo, na ndiyo hiyo ni ya kweli, lakini siyo inayomuua. Kile kipimo cha taifodi cha Widal nacho hukosea sana, kwa sababu huonyesha kinga iliyobaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo kina kasoro hiyohiyo.

Basi ukipewa dawa za malaria au taifodi ukarudi nyumbani, na tumbo likaendelea kuwa gumu au kuzidi kuuma, usingoje dozi iishe. Rudi siku hiyohiyo useme: "Dawa nimemeza, maumivu yamezidi. Naomba nipapaswe tumbo tena." Ni haki yako kulisema hilo, na daktari mwema atashukuru.

Usifanye haya

Usimpe dawa ya kumfanya aharishe wala kumpiga bomba la maji ya dawa. Utumbo ulioziba au kidole tumbo kilichovimba huweza kupasuka. Usimchanje chale tumboni, usimkande kwa nguvu. Usimpe antibiotiki za kubahatisha. Usimpe diklofenaki wala brufeni. Parasetamoli inaruhusiwa: mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500. Hofu ya zamani kwamba kupunguza maumivu kutamficha daktari ugonjwa imepitwa na wakati.

Mwenye dalili za upasuaji asile, wala asinyweshwe uji "apate nguvu za safari", kwa kuwa tumbo tupu humfanya awe salama zaidi wakati wa kulazwa kwa dawa ya usingizi. Anayeharisha, yeye anyweshwe ORS bila kukoma. Tofauti hiyo ishike vizuri.

Dalili zisizongoja kuche

1. Tumbo gumu kama ubao.
2. Maumivu makali yasiyopungua, au yaliyokuja ghafla kama kisu.
3. Kuzimia, viganja vyeupe, jasho baridi.
4. Kutapika damu, matapishi ya kijani, au choo cheusi kama lami.
5. Tumbo limefura, choo na hewa havitoki.
6. Mimba, au hedhi iliyochelewa.
7. Uvimbe wa kinenani ulio mgumu na unaouma.
8. Maumivu baada ya ajali au kipigo.
9. Mkojo umekata, au mgonjwa anachanganyikiwa.

Mzee, mtoto mdogo, na mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU huweza kuwa na ugonjwa mzito wenye dalili hafifu. Kwao, shaka ndogo itoshe.

Njiani na hospitalini

Zahanati na kituo cha afya ni ngazi ya 2 na ya 3, na upasuaji mkubwa huanzia ngazi ya 4. Ukiona dalili za hapo juu, piga simu kwanza uulize: daktari wa upasuaji yuko zamu? Chumba cha upasuaji kinafanya kazi? Damu ipo? Maswali hayo ya dakika 2 yanaweza kukuokolea safari mbili. Ukikosa majibu, elekea hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe mjini Migori au mjini Homa Bay. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za dharura kwa nambari 1199.

Beba kitambulisho, kitabu cha kliniki, pakiti za dawa zote alizomeza zikiwemo za kienyeji, na ndugu mmoja au wawili wenye nguvu wanaoweza kuchangia damu. Kujisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, fanya ukiwa mzima kwa kupiga *147#. Lakini aliye katika hatari asizuiwe na pesa: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sema kifungu hicho kwa adabu, na ukiseme bila woga.

Mwanamke mtu mzima hutia sahihi ya upasuaji wake mwenyewe. Hahitaji kungoja mume arudi kutoka ziwani, wala wazee wa boma wakutane.

Fanya leo, ukiwa mzima

Maandalizi ya tumbo la usiku hufanywa mchana. Hifadhi kwenye simu nambari za watu watatu: mhudumu wa afya wa kijiji chako, mwenye pikipiki anayeaminika, na ukiwa kisiwani, mwenye boti yenye injini anayejua kusafiri gizani. Kubaliana nao bei ya usiku sasa, kabla shida haijaipandisha. Mkiwa kwenye chama, tengeni kiasi cha dharura kinachotumwa kwa simu saa yoyote bila kikao. Na mke ajue mahali pesa zilipo wakati mume yuko ziwani akivua omena.

Kisha wafundishe watoto wakubwa mambo mawili tu: kutazama saa maumivu yanapoanza, na kuweka kiganja tumboni kujua kama linabonyea. Usiku ukifika, huenda mtu pekee aliye macho karibu nawe akawa ni wao.